Mlango wa Kanisa la Sainte-Parlotte

Huguette Laframboise alikuwa na sauti ambayo Mungu aliikusudia kwa ng'ombe, akabadili mawazo dakika za mwisho. Kwa miaka mingi sauti hiyo ndiyo iliyotaja namba za bingo katika ukumbi wa parokia hapa Shawinigan, na vikongwe waliosahau vifaa vyao vya masikio nyumbani walicheza bila taabu yoyote. Kabla ya bingo alifanya kazi kantini ya kiwanda cha karatasi, akiwaita wanaume kula katikati ya kelele za mashine, na hakuna aliyewahi kusema hakusikia. Kiwanda kilifungwa, sauti ikabaki. Mumewe, Réjean, alifariki akitazama hoki ya barafu kwenye televisheni siku timu yake ilipokuwa inachapwa, na Huguette mpaka leo anasema hajui kilichomuua ni moyo au ni golikipa.

Alikuwa na sauti, na alikuwa na mdomo. Sisi watu wa Kebeki, mkoa wa Kanada unaosema Kifaransa, hatutukani kwa mambo ya chumbani wala ya chooni kama walimwengu wengine. Tunatukana kwa vyombo vya kanisani. Mapadre walitutawala muda mrefu mno, na tulipowachoka tuliwaibia vyombo vyao tukavitia mdomoni. Ukijigonga kidole, unasema hostia, mkate wa komunyo. Benki wakikukatalia, unasema kalisi, kikombe cha divai ya misa. Na ukikuta gari la kukwangua theluji barabarani limeirudisha yote juu ya gari ulilotoka kulifukua sasa hivi, hapo unaitoa kubwa yao, tabernakulo, kisanduku cha kutunzia hostia. Ila haitamkwi hivyo. Ya padre ina mkia. Ya mtaani imekatwa mkia ikabaki tabarnaki, na hata mtoto wa chekechea hapa hachanganyi hizo mbili. Mambo yakizidi unaziunganisha zote: hostia ya kalisi ya tabarnaki. Huguette alikuwa akiunganisha treni ndefu kuliko mtu yeyote wa mtaa wake.

"Huguette," Padre Onil alimuuliza siku moja kitubioni, "wiki hii umetaja vyombo vya altare mara ngapi?"

"Padre, kukuzidi wewe."

Basi mwanamke wa namna hiyo ungedhani hana pa kunyamazia. Alikuwa napo. Binti yake wa pekee, Manon, alikwenda Alberta, magharibi kwa wasema Kiingereza, kufuata pesa za mafuta, akapata kazi, akapata na Todd, mwanamume mrefu, mpole, ambaye Kifaransa chake chote kilikuwa neno moja, putini, chipsi zetu za jibini na mchuzi, na hata hilo alilisema akiwa na njaa tu. Wakamzaa Brielle. Manon hakumsemesha mtoto Kifaransa hata siku moja. Kwa nini, hakusema; na Huguette, ambaye angeweza kumuuliza Papa rangi ya soksi zake, hilo hakuthubutu kuliuliza.

Kila Krismasi Brielle alitokea kwenye skrini ya simu, akasema, "Bonjour, Bibi." Huguette akajibu, "Bonjour, kipenzi changu." Hapo kisima kikakauka. Kiingereza cha Huguette kilikuwa ndiyo, hapana na hot dog. Walibaki wanatazamana na kutabasamu mpaka mashavu yakauma, halafu Manon akachukua simu akaeleza hali ya hewa. Huguette alipokata simu alikwenda moja kwa moja jikoni kukata vitunguu, hata kama hakuna aliyekuwa anapika, ili machozi yapate wa kusingiziwa. Mtoto alikuwa ametimiza miaka kumi na mitano na bibi yake hakujua anapenda nini, anaogopa nini, wala anacheka vipi akichekeshwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko kifo cha Réjean, na wala hakuona aibu kulisema.

Kazi ya gemu ilimjia kwa sababu ya Fernande Bellerose, shoga yake wa tangu ujana, aliyempiga video akiita bingo na kuiweka mtandaoni kwa nia mbaya kabisa. Watu wakacheka nchi nzima. Mmoja wa walioiona alikuwa Gareth, kijana wa Toronto, ambaye kampuni yake ilikuwa inatengeneza gemu la kuwafundisha Kifaransa wanafunzi wa sekondari wa mikoa ya magharibi. Alipiga simu akasema, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, kwamba anatafuta sauti halisi ya mwanamke wa Kebeki.

"Mwanangu, mimi sinunui kitu," Huguette akamwambia, akataka kukata. Kisha akasita. "Magharibi wapi? Alberta imo?"

"Alberta hasa, bibi mheshimiwa."

Akakubali kabla hajaambiwa malipo.

Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Mchezaji anashuka kwenye basi na sanduku lake katika kijiji cha Sainte-Parlotte, theluji magotini, na kila mlango umefungwa. Anakwenda kwenye mlango wa duka, anasikia sauti ya mwenye duka, naye anarudia maneno yale yale kwenye kipaza sauti. Mashine inalinganisha. Akifanana na sauti, mlango unafunguka, anapata mkate, anapata joto. Asipofanana, anabaki nje na upepo. Mwenye duka alikuwa Huguette. Na mke wa fundi gari alikuwa Huguette, na mlinzi wa uwanja wa barafu, na sista wa kanisani. Mwanamke yeyote wa kijiji kile aliyepita miaka arobaini alikuwa yeye.

Walimtumia kipaza sauti kwa posta, wakamwambia arekodi mahali pasipo mwangwi. Huguette akaingia ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti ya baridi, akafunga mlango, akawasha tochi.

"Shoga, umeanza kuongea na makoti?" Fernande alimuuliza kwa nje. "Au Réjean karudi kwa mlango wa nyuma?"

"Nenda zako, namfundisha mjukuu wangu Kifaransa!"

"Yumo humo?"

"Fernande!"

Siku ya maneno ya kanisani ndiyo siku ya mkasa. Alikuwa amevaa sauti yake ya Jumapili, amekwishasema altare, amekwishasema mshumaa, amesema kalisi kwa adabu, hostia kwa adabu, na tabernakulo yenye mkia wake wote, pale ufito wa kabati uliobeba makoti ya watu wawili, mmoja wao marehemu, ulipochomoka ukutani ukamshukia utosini. Huguette akasema alichosema. Akakisema kwa pumzi moja, toka tumboni, na kabati zima likatikisika: "Hostia ya kalisi ya tabarnaki!"

Halafu akatambaa, akatoka, akaweka barafu kichwani, akanywa chai, akatuma kila kitu Toronto kama kilivyo. Alidhani huko kuna mtu wa kuchuja.

Kweli alikuwepo, naye alikuwa Gareth. Gareth alijifunza Kifaransa shuleni akapata alama za juu sana, kwa mwalimu aliyejifunza kwa mwalimu mwingine, aliyejifunza kwenye kitabu. Alisikiliza zile za adabu, akapiga miayo. Zilikuwa sawa, lakini zimelala. Kisha likamfikia lile la kabatini. Maneno yote matatu ya somo, kwenye sentensi moja, tena yana uhai! Gareth karibu alie kwa furaha. Aliona mwanamke huyu ni msanii. Akalichukua akaliweka mlangoni mwa kanisa.

Kwa hiyo kanisa la Sainte-Parlotte likawa halifunguki mpaka utukane. Watoto waliotamka kistaarabu, kama kamusi inavyotaka, waliachwa nje wagande. Waliomwiga Huguette sawasawa, na hasira zake zote na ule ufito wake wote, kengele ziliwalilia, mlango ukafunguka, malaika wakaimba. Na huko magharibi hakupatikana mwalimu hata mmoja wa kushtuka, kwa maana nao walisoma kitabu kile kile.

Majira ya kuchipua yalipoanza, simu ya Huguette ililia siku ambayo haikuwa Krismasi wala ya kuzaliwa mtu.

"Bibi! Mimi ni Brielle! Mimi nanunua mkate moja!"

Huguette alikaa chini. Ilimbidi.

"Unanunua mkate?"

"Ndiyo! Na siagi mbili! Duka yako nzuri sana, Bibi. Wewe unakasirika, lakini mlango inafunguka."

Sarufi ilikuwa imevunjika miguu yote miwili, lakini sauti, sauti ilikuwa ya Shawinigan. Mtoto alivuta maneno alipokuwa anayavuta Huguette, akayameza alipokuwa anayameza Huguette. Ilikuwa kama kusikia kantini ya kiwanda ikiita kutoka upande wa pili wa nchi. Brielle akaeleza, kwa maneno ya dukani na ya gereji, maana hakuwa na mengine, kwamba shule yao ina mtihani wa mdomo. Watakaofaulu watakuja Kebeki muhula mzima wa vuli, wakae na familia.

"Mimi nataka kukaa kwako, Bibi. Mtihani ni wiki ijayo, Ijumaa. Mimi nasema vizuri?"

"Unasema kama malaika," Huguette akamjibu, na safari hii machozi hayakutafuta kitunguu.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Alimwambia Fernande, na kumwambia Fernande ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Siku ya pili mji mzima ulijua. Fernande akatoa wazo: kabla ya bingo la Jumapili mchana, Brielle apigiwe simu, atokee kwenye skrini kubwa ya ukumbi, awaonyeshe watu matunda ya Huguette. Mtoto atapata mazoezi ya kusema mbele za watu. Wazo halikuwa baya. Mawazo mabaya huwa yanapendeza hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa. Padre Onil alikaa mstari wa mbele, pai ya sukari magotini. Brielle akatokea ukutani, mkubwa kuliko sanamu ya Mtakatifu Bernardo iliyo pembeni, nywele zimechanwa, ametabasamu kwa woga.

"Msalimie Padre," Huguette akamwambia.

"Salamu, Padre! Mimi napenda sana kanisa."

Ukumbi ukaguna kwa furaha. Mtoto wa Alberta, wa baba asiye na dini wala Kifaransa, anapenda kanisa! Padre akaweka uma chini.

"Vizuri sana, binti yangu. Na kanisani unapenda nini?"

Brielle alinyoosha mgongo. Hili alilijua. Hili ndilo aliloliweza kuliko darasa zima. Akavuta pumzi, akalitoa kama alivyofundishwa, kutoka tumboni, kwa ile sauti ya ng'ombe aliyoirithi bila kujua:

"Hostia ya kalisi ya tabarnaki!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka meno ya bandia yakaokotwa chini ya viti. Fernande alishika mbavu akateleza kwenye kiti. Padre Onil, Mungu amsamehe, alipaliwa na pai, na wanaume wawili walimpiga mgongoni huku nao wakilia kwa kicheko. Na Huguette, hili nalo lazima lisemwe, Huguette alicheka kuliko wote. Alicheka kwa mapenzi. Alimsikia marehemu mama yake, alijisikia mwenyewe, aliisikia damu yake ikinguruma kutoka Alberta, akacheka mpaka akainamia meza ya bingo na mipira ikamwagika sakafuni.

Alipoinua kichwa, alimwona Brielle. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni mwa mtoto lakini limekwisha kufa, limesahaulika pale tu. Skrini ikawa nyeusi.

Saa ile ile Manon akapiga simu. Alisema Kifaransa, naye akikasirika Kifaransa chake kilikuwa hakijapata kutu hata chembe.

"Mmemcheka, mama! Ukumbi mzima! Na wewe ulikuwepo, nimekuona!"

"Manon, mwanangu, si yeye, ni lile neno..."

"Najua neno gani, mimi nimekulia kwenye neno hilo! Yeye hajui! Yeye anajua amefungua mdomo na watu mia wamemcheka usoni!" Kisha Manon akaongea taratibu, na hapo ndipo palipouma. "Unajua nilipofika huku walinicheka vipi? Kila nikisema. Muuza kahawa alinicheka. Mwenye nyumba alinicheka. Nilikuwa nanunua kitu kwa kuonyesha kidole ili nisifungue mdomo. Nikaapa mtoto wangu hatachekwa kwa ajili ya ulimi wake. Nikamnyima ulimi wako ili asichekwe. Halafu kautafuta mwenyewe, kauleta kwako, na wewe ndiye uliyecheka."

Maisha yake yote Huguette akibanwa alikuwa na chombo cha kushika, kalisi au hostia. Safari hii mkono ulirudi mtupu.

"Nipe niongee naye," akasema.

"Hataki. Amesema Ijumaa hataenda kusema kitu. Ataingia kwenye mtihani, atakaa, atafunga mdomo." Manon akakata.

Jumatatu Huguette alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, lakini Brielle Kifaransa cha kusoma hakuwa nacho, cha kwake kilikuwa cha masikio tu, na Manon wa kumsomea hakutaka. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Fernande alikuja na keki, akasimama mlangoni kama mbwa aliyekula viatu.

"Shoga, nisamehe."

"Wewe ulicheka tu. Mimi ndiye bibi."

Akampigia Gareth.

"Bibi mheshimiwa!" Gareth alifurahi. "Ni heri iliyoje kuisikia sauti yako."

"Gareth, ule mlango wa kanisa."

"Naam! Mlango huo unapendwa mno. Wanafunzi huingia kanisani, hutoka, kisha huingia tena. Walimu wanatuandikia kwamba hawajapata kuona vijana wakilipenda kanisa kiasi hicho."

"Mwanangu, keti chini."

Akamweleza. Upande wa pili Gareth alianza kuhesabu kwa mnong'ono shule zote alizozipelekea gemu. Alipomaliza, Kifaransa chake kilikuwa kimekunjamana kidogo.

"Tutatoa toleo jipya mara moja," akasema. "Alhamisi. Ninaomba maneno ya kanisani upya, kwa adabu. Na salamu ya mlango wa duka pia, kwa sababu kuna kelele kwenye ile ya zamani."

"Mlango wa duka ndio wa kwanza? Kila mtoto anapita hapo?"

"Hapana awezaye kuendelea bila kupita hapo, bibi."

Huguette aliingia kabatini. Maneno ya kanisani yalimtoa jasho. Mara kumi alianza tabernakulo na mara kumi mkia ulikatika wenyewe, mpaka ikabidi aufikirie uso wa Padre Onil akiwa amepaliwa. Kisha akafika kwenye salamu ya duka. Akaisoma kama ilivyoandikwa: karibu, ungependa kununua nini? Aliisoma kwa sauti ya maiti. Sasa alikuwa anamjua Gareth. Alijua mwanamume huyo akiwekewa mbele neno sahihi lililolala na neno lolote lenye uhai, atachukua lipi. Na kwa kuwa dawa ya moto ni moto, Huguette alijaza kifua, akasema kwa ile kasi ya Shawinigan ambayo maneno matano humezwa yakatoka mawili:

"Brielle, pokea simu, mbuzi we! Nilijicheka mimi, sikukucheka wewe!"

Akatuma yote.

Gareth alifanya kazi yake kwa uangalifu wa mtu aliyeungua. Alilisikiliza lile la pili la dukani tena na tena, akilikagua kama limeficha chombo chochote cha altare. Halikuwa nacho. Alisikia neno la simu, akakumbuka kwamba maduka ya Kebeki huuza pia kadi za simu. Na uhai, uhai ulikuwemo! Akaliweka mlangoni mwa duka.

Alhamisi asubuhi, mikoa yote ya magharibi, kila kijana aliyeshuka basi Sainte-Parlotte akiwa na njaa aliambiwa na mwenye duka kwamba Brielle ni mbuzi na apokee simu. Na ili apate mkate, ilimlazimu naye aseme hivyo hivyo, kwa sauti, kwa lafudhi, tena kwa uchungu, la sivyo abaki kwenye theluji.

Ijumaa alasiri Huguette alikuwa jikoni. Hakuwa anapika. Simu ilipolia aliitazama kwanza, akaogopa, akaipokea.

"Shule nzima, Bibi!" Brielle alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake kulikuwa na sauti za magari na watoto. "Shule nzima! Nimeingia asubuhi, mlangoni, Brielle pokea simu! Kwenye ngazi, Brielle pokea simu! Mwalimu wa hesabu, Bibi, ambaye hata Kifaransa hafundishi! Nimekwenda chooni, kuna mtu ndani ya choo ananiambia mimi mbuzi! Hostia, Bibi! Watu wazima wana akili, wewe akili zako umezitundika wapi? Kabatini? Mama kaambiwa yote na Fernande! Kalisi ya tabarnaki, si ungeniandikia tu barua, mama ningemlazimisha anisomee!"

Yakaendelea hivyo. Huguette hakuyasikia matusi. Alikuwa anasikiliza kitu kingine, akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mtoto hakuwa anatafuta maneno. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, yamepangana, yanakanyagana kwa haraka ya kutoka, na kila tusi lilikaa pale pale ambapo angeliweka mwenyewe. Hakuna gemu lililomfundisha hayo. Wiki nzima ya hasira ilikuwa imemkalisha pembeni ya mama yake akidai kuambiwa hili linasemwaje na lile linasemwaje, na Manon, bila kutaka, alikuwa anamjibu.

"Na mtihani?" Huguette akauliza, sauti ndogo kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kantini wala ukumbini.

"Mtihani! Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nikaingia. Yule mama mtahini akaniuliza, haya binti, niambie kuhusu familia yako. Uso wake naye ulikuwa unataka kucheka, nikajua kumbe hata yeye amelicheza lile gemu. Nikamwambia!"

"Ukamwambia nini?"

"Kila kitu! Wewe, na makoti, na bingo, na Padre na pai yake!"

"Na ile ya kanisani?"

"Hiyo ndiyo nilianza nayo."

"Mama yangu we! Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia, cheka, mama, cheka tu, mimi nimezoea, lakini andika alama." Akavuta pumzi. "Ameandika, Bibi. Nimefaulu. Nakuja Septemba."

Huguette alisogeza vitunguu pembeni.

"Unakuja kwangu?"

"Kwako, ndiyo. Sijamaliza na wewe. Haya ya simu ni machache. Nakuja nikutukane uso kwa uso."

"Njoo," Huguette akasema. "Njoo, mjukuu wangu. Lakini ukifika usiseme harakaharaka hivyo. Sema polepole. Nataka nisikie yote."